Paundi 3,000 juu ya meza ya mama

Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 13 Machi 1953, siku ambayo Mwingereza mwenye kuogopa mikosi angebaki kitandani. Katika nyumba moja ya Angelina Street, mtaa wa Butetown uliopakana na bandari ya Cardiff kule Wales, wageni waliotoka kaskazini mwa Uingereza walianza kupanga noti mezani. Noti ya paundi 5 ya enzi hizo ilikuwa karatasi kubwa nyeupe, pana kuliko kiganja, iliyochapwa kwa wino mweusi upande mmoja tu. Ukizipanga 200, meza hujaa. Hizo 200 ndizo zilizowekwa. Kijana wa miaka 18 aliyekuwa akitafutwa, Billy Boston, akakataa. Wageni wakapandisha hadi paundi 1,500. Akakataa tena.

Mwenyewe aliisimulia hadithi hii mara nyingi alipokuwa mtu mzima. Mama yake, Nellie, alimwambia asiwe na wasiwasi, atawafukuza yeye kwa hesabu. Akawaambia wageni kwamba wakitoa paundi 3,000 mwanawe atatia saini. Alijua wataaga. Wakasema haya, tumekubaliana. Neno la mama lilikuwa limeshatoka na halikuweza kurudishwa kinywani mbele ya wageni. Kijana akatia saini, na baadaye akalia.

Mfanyakazi wa kawaida wa kiume nchini Uingereza mwaka huo alikuwa akipata takriban paundi 9 kwa wiki. Zile zilizokuwa mezani zilikuwa mshahara wa miaka sita, na baba mwenye watoto 11 hazimpiti hivi hivi. Lakini kijana alikuwa na ndoto ya kuichezea klabu ya Cardiff, kisha Wales, na alijua kwamba saini ile imeizika. Tangu usiku huo hakuruhusiwa tena kucheza raga aliyokulia nayo. Si kwa msimu mmoja wala miwili. Kwa maisha yake yote.

Msomaji wa Nairobi au Nakuru aliyezoea kuwapigia makofi Shujaa, timu ya Kenya, anaijua raga ya wachezaji saba na ile ya 15. Aliyonunuliwa Boston kuicheza ni ya tatu, ya wachezaji 13, na imezaliwa na ugomvi wa mshahara. Katika miji ya viwanda na migodi ya Yorkshire na Lancashire, wachezaji walikuwa wachimba makaa ya mawe na wafuma nguo ambao Jumamosi bado ni siku ya kazi. Akienda uwanjani, anakatwa ujira. Klabu za huko zikaomba ruhusa ya kuwafidia. Mabwana wa kusini, ambao wengi wao hawakuwa na wa kuwakata ujira, wakasema hapana, mchezo ni wa ridhaa, asiyejiweza abaki nyumbani. Tarehe 29 Agosti 1895 klabu za kaskazini zilikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, zikajitoa na kuanzisha chama chao. Fidia waliyoiruhusu mwanzoni ilikuwa shilingi 6 kwa siku.

Kwa kuwa sasa mchezo ulihitaji watazamaji ili uweze kulipa, sheria zikaanza kunyooshwa ili mpira ukimbie zaidi. Kufikia 1906 kila timu ilikuwa imepunguzwa hadi watu 13. Tofauti kubwa ambayo mgeni ataiona kwanza ni hii: aliyeangushwa na mpira hafunikwi na rundo la watu wanaougombania. Anaachiwa, anasimama, anauweka mpira chini mbele yake na kuusukuma nyuma kwa unyayo, mwenzake anaudaka, safari inaendelea. Leo timu ikiangushwa mara sita bila kufunga, inaukabidhi mpira kwa wapinzani. Boston alipoanza hapakuwa na kikomo. Timu yenye vifua vipana iliweza kukaa na mpira mpaka watu jukwaani wakaanza kuzungumzia bei ya viazi. Kikomo cha kwanza, mara nne, kilikuja 1966, na Boston alikuwa karibu kustaafu.

Chama cha raga ya watu 15 hakikusamehe. Aliyecheza raga ya kulipwa, hata kama ni mechi moja ya majaribio, alifungiwa milango yote. Ndiyo maana klabu za kaskazini zilikuwa na desturi ya kuwajaribu vijana kwa majina ya kubuni. Uadui huo ulidumu hadi Agosti 1995, raga ya watu 15 ilipokubali nayo kulipa wachezaji wake, miaka 100 baada ya kikao cha Huddersfield.

Butetown ilijulikana zaidi kwa jina la Tiger Bay. Ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya gati, reli na mfereji, na katika siku za makaa ya mawe meli za dunia nzima zilitia nanga pale. Mabaharia walioshuka na wasipande tena walitoka Yemen, Somalia, Cape Verde, Malta, Norway, Afrika Magharibi. Majirani walihesabu mataifa zaidi ya 50. Baba yake Boston alikuwa baharia kutoka Sierra Leone. Mama alikuwa mzaliwa wa Cardiff mwenye asili ya Ireland. Billy, aliyezaliwa tarehe 6 Agosti 1934, alikuwa wa sita kati ya watoto wao 11. Mtaa huohuo ulimtoa Joe Erskine, aliyekuja kuwa bingwa wa ndondi za uzani wa juu wa Uingereza, na mwimbaji Shirley Bassey. Kwa mtaa ambao mtu anaumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa, hiyo si haba.

Wakazi wa mji wa juu walikuwa na maneno yao kuhusu Tiger Bay, na mengi hayakuwa ya heshima. Mwaka 1919 makundi ya wazungu yaliivamia mitaa hiyo kuwapiga mabaharia weusi na Waarabu. Kizazi cha Boston kilizaliwa baadaye lakini kumbukumbu ilikuwa bado mbichi majumbani. Watoto walicheza raga kwenye kila kipande cha nyasi, na baada ya vita vya pili wakaanzisha klabu yao, Cardiff Internationals, ambayo jina lake lilisema wazi wao ni akina nani. Boston alipitia humo. Akacheza pia mechi kadhaa za Neath, klabu ya kilomita 60 hivi kutoka nyumbani. Klabu ya Cardiff, ambayo uwanja wake ulikuwa mwendo wa miguu kutoka Angelina Street, haikumwita. Waliokulia Tiger Bay hawana shaka kwa nini. Itoshe kusema kwamba timu ya taifa ya Wales ya watu 15 haikumvisha jezi mchezaji mweusi hadi miaka ya 1980.

Kilichowafanya wageni wale, watu wa klabu ya Wigan, wafike na noti zao ni jeshi. Karibu vijana wote wa kiume walilazimika kulitumikia taifa kwa miaka miwili, na Boston akapelekwa kikosi cha mawasiliano kilichokuwa Catterick, Yorkshire, yaani huko huko kaskazini kwenye raga ya watu 13. Hapo aliyekosa kuonwa nyumbani akaonwa ugenini. Katika fainali ya kombe la jeshi ya msimu huo wa 1953, dhidi ya kikosi cha walinzi wa Wales, alifunga trai sita peke yake, yaani mara sita aliugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Mawakala wa klabu za kaskazini walikuwa wakihudhuria mechi za jeshi kama madalali wanavyohudhuria mnada wa ng'ombe, na Wigan ndiyo iliyofika bei.

Wigan ni mji wa Lancashire ya zamani, uliojengwa kwa makaa ya mawe na pamba. Wenyeji wake hutaniwa na majirani kuwa ni walaji wa pai, utani ambao siku hizi wanaubeba kama nishani. Jezi ya timu yao ni mistari ya nyekundu ya cheri na nyeupe. Mwezi wa Oktoba 1953 Boston alipochezeshwa kwa mara ya kwanza na timu ya akiba, watu zaidi ya 8,000 walikwenda Central Park, uwanja wa Wigan, kumtazama. Timu ya akiba! Zipo klabu nyingi za ligi kuu duniani leo ambazo zingefurahi kupata umati huo katika mechi ya kweli. Novemba akapandishwa timu ya kwanza, dhidi ya Barrow, akafunga.

Kilichofuata hakieleweki vizuri mpaka mtu ahesabu kwa vidole. Alikuwa amecheza mechi sita tu za timu ya kwanza alipochaguliwa kwenda na timu ya taifa ya Great Britain katika ziara ya Australia na New Zealand ya 1954. Alikuwa na miaka 19. Alikuwa pia mchezaji wa kwanza asiye mzungu kuchaguliwa kwa ziara hiyo, ambayo ilikuwa ikifanyika tangu 1910. Wapo waliodhani ni mapema mno. Alicheza mechi 18 na kurudi na trai 36, rekodi ya ziara. Nne kati yake alizifunga siku moja, katika mechi ya kwanza ya kimataifa dhidi ya New Zealand mjini Auckland.

Waliomtazama wanakubaliana juu ya jambo moja: hakuwa winga wa kawaida. Winga wa enzi hizo alikuwa mtu mwembamba anayekaa pembeni kabisa, karibu na chaki, akisubiri mpira umfikie; mvua ikinyesha na mafowadi wakiung'ang'ania kati, aliweza kumaliza nusu nzima akijipulizia vidole. Brian Bevan, Mwaustralia wa Warrington, ambaye ndiye mwenye rekodi ya trai zote za raga ya watu 13, yaani 796, alikuwa wa namna hiyo: kipara, magoti yamefungwa bandeji, mwili kama wa karani, lakini akichomoka hashikiki. Boston alikuwa na kasi, lakini chini ya kasi hiyo palikuwa na mwili ambao miaka ya baadaye ulipita kilo 90. Mpira aliukumbatia kwa mkono mmoja. Wa pili aliuacha huru, kiganja kimefunguka, na mkabaji aliyekuja kichwa mbele alikutana na kiganja hicho usoni au begani na kujikuta ameketi. Aliyekwepa kiganja alikutana na bega. Na kama nafasi ilikuwepo, Boston alimchanganya kwa hatua moja ya kando, jambo ambalo mtu mzito hatarajiwi kulifanya.

Tena hakuwa mtu wa kusubiri. Mpira usipomfuata, aliufuata yeye ndani, akitokea nyuma ya mafowadi kama aliyepotea njia.

Mwaka 1955 Wigan walimsajili Eric Ashton, senta mrefu mtulivu aliyepangwa upande uleule wa kulia. Katika raga senta na winga wake ni kama mpishi na mpakuaji. Ashton alijua ni sekunde gani hasa ya kuuachia mpira ili Boston aupokee akiwa tayari kwenye kasi na mkabaji akiwa tayari amekosea. Pamoja walicheza zaidi ya miaka kumi. Ashton akawa nahodha, kisha kocha huku bado anacheza.

Watu hupenda kuisimulia hadithi ya Boston kwa mstari ulionyooka: kusini kulimkataa kwa ngozi yake, kaskazini kukamkumbatia. Ina ukweli mwingi. Klabu za raga ya watu 13 zililipa kwa trai, na trai haina rangi. Lakini mstari huo una kona, na kona hiyo ni mwaka 1957.

Mwaka huo Kombe la Dunia lilichezwa Australia, mwezi Juni, na Boston alikuwa kwenye kikosi. Viongozi wa mchezo walikuwa wameshapatana kwamba wakati wa kurudi, Great Britain na Ufaransa zipitie Afrika Kusini na kucheza mechi za maonyesho, kusudi raga ya watu 13 ipate mizizi huko. Ilikuwa nchi ya sheria za ubaguzi wa rangi, iliyokuwa imezitunga moja baada ya nyingine tangu 1948. Boston asingeweza kulala hoteli moja na wenzake. Hakwenda. Wenzake wakapanda ndege kwenda kucheza. Yeye, mmoja wa mawinga bora duniani wakati huo, akarudi Uingereza peke yake.

Hakuna kiongozi aliyesema basi sote hatwendi. Mechi zilichezwa, wala hazikuotesha mizizi yoyote ya maana. Tukio hilo linasema jambo ambalo trai 36 za 1954 haziwezi kulificha: mchezo uliomnunua kwa paundi 3,000 ulijua thamani yake uwanjani, ila ulikuwa tayari kumwacha uwanja wa ndege pale thamani hiyo ilipoingilia biashara. Boston hakupiga kelele wakati ule. Uzeeni alipoulizwa, hakuficha kwamba lilimuuma.

Aliendelea kuichezea timu ya taifa. Alikuwemo 1960 ilipotwaa Kombe la Dunia nyumbani, na 1962 akarudi tena Australia katika ziara ambayo wageni walishinda mfululizo wa mechi za kimataifa. Jumla alicheza mechi 31 za Great Britain na kufunga trai 24.

Kwa Wigan miaka hiyo ilikuwa ya neema. Fainali ya Challenge Cup, kombe ambalo huchezewa Wembley na ambalo mji mzima husafiri kwa treni na mabasi kwenda kulifuata, waliicheza mara sita kati ya 1958 na 1966. Walishinda 1958 dhidi ya Workington Town, 1959 dhidi ya Hull, 1965 dhidi ya Hunslet. Ile ya 1959 ilikwisha 30 kwa 13 na Boston alifunga trai mbili. Tatu walizopoteza hazizungumzwi sana Wigan, na mwandishi mgeni anashauriwa naye asizizungumze.

Mwaka 1960 walifika fainali ya ligi dhidi ya Wakefield Trinity. Ilichezewa Odsal, Bradford, uwanja uliochimbwa kama beseni kubwa ardhini, na watu 83,190 walilipa kiingilio. Wigan walishinda 27 kwa 3. Trai wakati huo ilikuwa na pointi tatu tu, kwa hiyo alama hizo ni kipigo kikubwa kuliko zinavyoonekana kwa msomaji wa leo.

Mara mbili alifunga trai saba katika mechi moja: 1955 dhidi ya Dewsbury na 1962 dhidi ya Salford. Alipoiaga Wigan mwaka 1968 alikuwa ameichezea mechi 488 na kuifungia trai 478. Hiyo ni karibu trai moja kila anapovaa jezi, kwa miaka 15, mvua na theluji, magoti mabovu na yote. Hakuna aliyeikaribia rekodi hiyo ya klabu. Akamalizia Blackpool Borough, timu ndogo ya mji wa starehe ufukweni, akaacha kabisa mwaka 1970. Ukijumlisha trai zote za maisha yake unapata 571, wa pili nyuma ya Bevan.

Na malipo? Neno mchezaji wa kulipwa lisimdanganye mtu afikirie magari ya kifahari. Klabu ilimlipa mchezaji ada ya kusajiliwa mara moja, kisha kila mechi ilikuwa na bei zake mbili: ukishinda unapata hiki, ukishindwa unapata kile, na kile kilikuwa kidogo sana. Wachezaji wengi walikuwa na kazi nyingine wiki nzima, mgodini, kiwandani, kwenye malori, na mazoezi yalifanyika jioni baada ya kazi. Jumatatu asubuhi mtu aliyeshangiliwa na watu 30,000 alikuwa ameinama chini ya ardhi na shepe, mbavu zinamuuma.

Kwa hiyo kustaafu kulihitaji mpango. Boston na mkewe Joan walichukua baa. Iliitwa Griffin, ilikuwa karibu kabisa na Central Park, na mtu aliyetoka kutazama mechi aliweza kuingia na kumiminiwa bia na mkono uleule uliowahi kuwaketisha walinzi wa Wakefield. Kusini mwa Lancashire baa ya namna hiyo ni baraza. Pale ndipo mechi za 1959 zilipochezwa upya kila wiki, na trai ikaongezeka mita tano kila ilipohadithiwa.

Njia aliyoipita kutoka Tiger Bay haikufungwa nyuma yake. Gus Risman, mtoto wa wahamiaji kutoka Latvia, alikuwa ameshatangulia kwenda Salford kabla ya vita. Baada ya Boston wakaja Johnny Freeman na Colin Dixon, wote wakaenda Halifax. Dixon baadaye alinunuliwa na Salford kwa paundi 12,000, bei iliyokuwa rekodi.

Halafu Clive Sullivan, wa Splott, mtaa mwingine wa Cardiff. Utotoni alifanyiwa upasuaji wa miguu na mabega mara kadhaa na madaktari walitilia shaka kama atatembea vizuri. Naye alipita jeshini Catterick, kikosi kilekile cha mawasiliano. Mwaka 1961 Hull walimjaribu katika mechi moja akiwa ameandikwa kwenye karatasi ya timu kama Bwana X, kwa sababu ile ya kuwakwepa wapelelezi wa raga ya watu 15. Bwana X alifunga trai tatu na jina lake la kweli likatafutiwa mkataba upesi. Mwaka 1972 Sullivan akafanywa nahodha wa Great Britain, mtu mweusi wa kwanza kuiongoza timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wowote mkubwa, na mwaka huohuo akainua Kombe la Dunia kule Lyon, Ufaransa, baada ya yeye mwenyewe kukimbia karibu uwanja mzima kufunga trai. Alifariki kwa saratani 1985 akiwa na miaka 42. Barabara kuu ya kuingia Hull ina jina lake. Hull ina klabu mbili zisizopendana na aliichezea kila moja. Ni vigumu kumtaja mtu mwingine ambaye pande zote mbili zingekubali kupita juu ya jina lake kila asubuhi zikienda kazini.

Cardiff ilichelewa kuwahesabu watoto hao kama wake. Wigan walimsimamishia Boston sanamu katikati ya mji mwaka 2016, akiwa mbioni na mpira. Jukwaa moja la uwanja wao mpya linaitwa kwa jina lake. Wembley nayo ina sanamu ya wachezaji watano wa raga ya watu 13, tangu 2015, na yeye ni mmojawapo. Mjini kwao ilibidi wazee wa Butetown wadai, kampeni ifanywe, wananchi wapige kura. Tarehe 19 Julai 2023 sanamu ya Boston, Sullivan na Risman ikafunuliwa ufukweni mwa Cardiff Bay, mwendo mfupi kutoka Angelina Street. Kati ya hao watatu, yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado hai. Alikuwa anakaribia miaka 89.

Afya ilikuwa imeshaanza kumtupa mkono. Mwaka 2016 familia yake ilieleza kwamba ana ugonjwa wa kusahau unaotokana na mishipa ya damu ya ubongo. Uingereza kuna kesi inayoendeshwa na wachezaji wengi wastaafu wa raga, ya watu 13 na ya 15, wanaodai kwamba vyama vyao havikuwalinda na athari za kugongwa kichwa. Boston hayumo katika madai hayo na haifai kumtia, lakini ni vigumu kuandika juu ya mtu aliyekabwa kwa misimu 17 bila kulitaja.

Palibaki jambo la heshima ya taifa. Alikuwa ameshapewa nishani ya MBE mwaka 1996, na kabla ya hapo, 1988, aliwekwa katika kundi la kwanza la wachezaji tisa wa ukumbi wa mashujaa wa mchezo wake. Lakini cheo cha Sir, ambacho wachezaji wa kriketi, soka na raga ya watu 15 walikuwa wakipewa kila baada ya miaka michache, hakikuwahi kumfikia mtu yeyote kwa ajili ya raga ya watu 13. Wabunge wa kaskazini walilisema hilo bungeni waziwazi: mchezo wa wachimba migodi bado unaingilia mlango wa nyuma.

Tarehe 10 Juni 2025 Boston aliingizwa kasri ya Buckingham. Alikuwa na miaka 90. Kwa sababu ya hali yake, sherehe ilifanywa mapema, siku chache kabla ya orodha ya waliopewa heshima kutangazwa. Mfalme Charles wa Tatu akamgusa begani kwa upanga. Central Park haipo tena, ilibomolewa 1999. Pale ambapo Ashton alikuwa akimwachia mpira upande wa kulia kuna duka kubwa la vyakula, na siku ile watu wa Wigan waliokuwa wakisukuma vitoroli vya maziwa na mikate walisikia kwenye redio kwamba sasa ni Sir Billy.